Lugha ya Mahojiano na Lugha ya Ripoti: Upeo wa Utafiti wa Chuo Kikuu cha Burundi Ukitazamwa kutoka Bwiza

Ikisiri

Chuo Kikuu cha Burundi kimefanya utafiti katika nyanja nyingi tangu kilipoanzishwa: sayansi ya ziwa, kilimo, afya, sheria, historia na isimu. Sehemu kubwa ya utafiti huo hukusanya data kwa Kirundi na Kiswahili, lakini huandikwa kwa Kifaransa. Makala haya yanaeleza upeo wa utafiti huo na kuonyesha kinachotokea maneno ya watoa taarifa yanapohama kutoka lugha ya mahojiano kwenda lugha ya ripoti. Bwiza, mtaa wa Bujumbura unaokaliwa na wasemaji wengi wa Kiswahili na usio mbali na kampasi ya Mutanga, unatumiwa kama mahali pa kutazamia suala hilo. Inadaiwa kwamba tatizo si Kifaransa chenyewe, bali ni kukosekana kwa utaratibu wa kuhifadhi maneno ya asili na wa kurudisha matokeo kwa jamii. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo manne kwa vyuo vikuu na kwa washauri wa sera.

Istilahi muhimu: utafiti, Kiswahili cha Bujumbura, Kirundi, tafsiri ya data, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mwaka 1964 yalitokea mambo mawili katika elimu ya juu ya Afrika Mashariki ambayo ni nadra kutajwa pamoja. Jijini Dar es Salaam, kamati ya lugha iliyokuwa ikishughulikia usanifishaji wa Kiswahili tangu mwaka 1930 iliingizwa katika chuo kikuu na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jijini Bujumbura, miaka miwili baada ya uhuru, kilianzishwa chuo kikuu rasmi ambacho katika miaka ya 1970 kiliunganishwa na taasisi nyingine za juu na kuwa Chuo Kikuu cha Burundi. Taasisi ya kwanza ilikuja kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kuandikia utafiti, si lugha ya kutafitiwa tu. Chuo cha pili kilirithi Kifaransa kama lugha ya kufundishia, ya kuandikia tasnifu na ya kuchapishia majarida.

Kwa muda mrefu tofauti hiyo haikuleta mjadala mkubwa, kwa kuwa kila nchi ilifuata njia yake. Hali ilibadilika Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuanza kufundishwa katika shule za msingi, na sheria ya lugha ya mwaka 2014 ikaviweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza katika nafasi ya lugha rasmi, huku Kiswahili kikitambuliwa miongoni mwa lugha za kufundishwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya, na mji wa Uvira, ulio jirani kabisa na Bujumbura ng'ambo ya mpaka, ukawa ndani ya eneo moja la ushirikiano.

Katika mazingira hayo, swali la lugha ya utafiti haliwezi tena kuachwa kwa mazoea. Makala haya hayadai kwamba Kifaransa kiondolewe. Yanauliza jambo dogo zaidi, ambalo huenda ndilo gumu zaidi: mkazi wa Bwiza anapomjibu mtafiti, jibu lake linakwenda wapi, linafika likiwa na sura gani, na je, linarudi?

2.0 Bwiza na Kiswahili chake

Kiswahili kilifika pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika kwa njia ya biashara iliyopita Ujiji katika karne ya 19. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari, wakalimani na wafanyabiashara waliotumia lugha hiyo, nao wenyewe wakaitumia katika utawala. Baada ya Wabelgiji kuchukua nchi mwaka 1916, elimu ilielekezwa kwenye Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya mji, ya soko, ya bandari na ya Waislamu. Utafiti wa Geert Castryck uliowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Ghent mwaka 2006, kuhusu Waislamu wa Usumbura chini ya ukoloni, ni mojawapo ya kazi zinazoonyesha jinsi jamii hiyo ya mjini ilivyojijengea nafasi yake katika siasa na uchumi wa mji.

Bwiza, iliyojulikana zamani kwa jina la Belge, ilikua sambamba na Buyenzi kama makazi ya Waafrika wa mjini. Buyenzi ilitambulika zaidi kwa Waislamu wake. Bwiza ilichanganya Warundi, Wakongo na watu wengine waliofuata kazi na biashara. Baada ya mageuzi ya utawala wa jiji ya mwaka 2014, mitaa hiyo miwili iliunganishwa na Rohero na Nyakabiga kuwa komuni ya Mukaza. Nyakabiga, mtaa wa jirani, ndio uliopakana na kampasi ya Mutanga, ambapo vitivo kadhaa vya Chuo Kikuu cha Burundi vina makao. Umbali kati ya chumba cha mhadhara na barazani Bwiza ni wa kutembea kwa miguu.

Ukaribu huo hauondoi umbali wa lugha. Katika barabara za Bwiza, mazungumzo huanza kwa Kiswahili, yakaingia Kirundi, yakachukua neno la Kifaransa na kurudi. Kiswahili chenyewe si kile cha vitabu vya shule: kina sura inayokaribiana na Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na kimepokea mengi kutoka Kirundi. Aidha, lugha hiyo ilibeba dharau kwa muda mrefu. Kumwita mtu Mswahili katika sehemu nyingi za Burundi hakukumaanisha lugha yake tu. Kulidokeza ujanja wa mjini na mtu asiye na mizizi ya mlimani. Historia ya mji, ukiwemo umwagaji damu wa mwaka 1995 ulioikumba mitaa iliyokuwa na mchanganyiko wa watu, Bwiza na Buyenzi zikiwa miongoni mwake, inaongeza sababu za mkazi kupima maneno yake mbele ya mgeni mwenye daftari. Mtafiti asiyejua hayo huweza kuandika ukimya kama jibu la «sijui».

3.0 Upeo wa utafiti

3.1 Ziwa na samaki

Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470 na limezungukwa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo. Bujumbura imekuwa kitovu cha utafiti wake kwa miongo mingi. Mradi wa utafiti wa ziwa ulioendeshwa na Shirika la Chakula na Kilimo kwa msaada wa Finland kuanzia mwaka 1992 uliweka makao yake katika jiji hilo; mradi wa bioanuwai ulifuata katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1990. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa ulitiwa saini mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Burundi wamekuwa sehemu ya kazi hizo, hasa katika biolojia ya samaki, ubora wa maji na mmomonyoko wa udongo unaoshuka ziwani kutoka milimani.

Katika nyanja hii lugha huonekana kama haina uzito, kwa kuwa jina la Kilatini hulinda maana. Lakini jina la Kilatini halifiki sokoni. Samaki ambaye wanasayansi humwita Lates stappersii huitwa mukeke Bujumbura na mgebuka Kigoma. Samaki wadogo wanaoitwa ndagala Bujumbura ni dagaa Kigoma. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi wa namna hiyo huathiri muuzaji wa ndagala Bwiza sawa na mvuvi wa Kibirizi, na hoja zake za kisayansi zinatoka katika utafiti uleule. Muuzaji atazipokea kama ushahidi iwapo tu mtu amechukua taabu ya kuzieleza kwa jina analolijua. La sivyo, atazipokea kama amri.

3.2 Kilimo

Kitivo cha kilimo kina mizizi inayotangulia chuo chenyewe, na hufanya kazi karibu na Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi. Mada zake ni zile ambazo nchi inazitegemea kwa chakula na fedha: migomba, muhogo, maharage, kahawa, rutuba ya udongo wa milimani. Hapa Kirundi ndicho lugha ya mkulima, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hata hivyo, magonjwa ya mimea hayaulizi uraia. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, ukafika Kagera na baadaye Burundi. Maofisa ugani wa Kagera walikuwa wamekwisha kujenga namna ya kuueleza kwa Kiswahili: dalili, ukataji wa ua dume, usafi wa panga. Elimu hiyo ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, katika lugha ambayo wafanyabiashara wa ndizi wanaoingia Bwiza wanaielewa. Njia ya kuipitisha kutoka taasisi moja kwenda nyingine ndiyo iliyokuwa nyembamba.

3.3 Afya

Kitivo cha tiba na hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge hushughulikia malaria, magonjwa ya watoto, afya ya uzazi na magonjwa ya kuambukiza. Burundi ilipata mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2000 na 2001, na serikali ilitangaza tena mlipuko mwaka 2017. Ni katika nyanja hii ambapo tofauti ya neno moja inaweza kugeuza takwimu.

Dodoso la Kifaransa hutenganisha kwa maneno mawili joto la mwili kama dalili na malaria kama ugonjwa. Kirundi kina neno inyonko, ambalo katika matumizi ya kila siku hugusa malaria na homa kwa pamoja. Mzungumzaji wa Kiswahili naye husema homa kwa maana zote mbili. Mtafiti msaidizi anayetafsiri dodoso papo hapo mlangoni hulazimika kuchagua. Akiuliza «mtoto amepata homa wiki mbili zilizopita?», atapata idadi moja, akiuliza «mtoto amepata malaria?», atapata nyingine. Ripoti itaonyesha safu ya Kifaransa iliyo safi, bila alama yoyote kwamba swali lilikuwa limebadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Tatizo hili lina tiba inayojulikana: kutafsiri dodoso kabla ya kwenda uwandani, kulirudisha katika lugha ya kwanza kwa mtafsiri mwingine, na kulijaribu kwa watu wa mtaa wenyewe. Tiba hiyo inahitaji muda na fedha kidogo, lakini bajeti za utafiti wa wanafunzi mara nyingi hazina mstari wa tafsiri.

3.4 Sheria, uchumi na ardhi

Kituo cha chuo kikuu kinachoshughulikia utafiti wa maendeleo ya kiuchumi na kijamii, kinachojulikana kwa kifupisho CURDES, pamoja na vitivo vya sheria na uchumi, vimechangia katika maswali ya kaya, bei, ardhi na utawala. Burundi ni nchi yenye msongamano mkubwa wa watu na ardhi ndogo, na migogoro ya ardhi huchukua sehemu kubwa ya mashauri mahakamani. Urithi wa ardhi huongozwa kwa kiasi kikubwa na mila.

Mila hiyo hupita upande wa baba. Kirundi hutenganisha data wacu, ndugu wa kiume wa baba, na marume, ndugu wa kiume wa mama. Kiswahili hufanya hivyohivyo: baba mdogo au baba mkubwa kwa upande mmoja, mjomba kwa upande mwingine. Kifaransa kina neno moja tu kwa wote wawili. Mjane wa Bwiza anapoeleza kwa Kiswahili kwamba shamba la marehemu mumewe mlimani limechukuliwa na baba mdogo wa watoto, amesema jambo la kisheria: aliyechukua anadai haki ndani ya ukoo. Angesema mjomba, lingekuwa shauri tofauti kabisa. Ripoti inayoandika neno moja la Kifaransa bila kufafanua upande imefuta kiini cha ushahidi. Mwandishi makini anaweza kuongeza maelezo, na wengi hufanya hivyo. Hata hivyo, katika jedwali lenye mamia ya majibu yaliyofupishwa kwa neno mojamoja, maelezo hayo hayapati nafasi.

Mfano huu una umuhimu wa pekee kwa sababu unapindua dhana iliyozoeleka kwamba lugha za Kiafrika ndizo zenye upungufu wa istilahi. Hapa lugha ya ripoti ndiyo iliyopungukiwa.

3.5 Historia na lugha

Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Burundi walijenga jina lake nje ya mipaka. Émile Mworoha alichapisha mwaka 1977 kazi kuhusu watu na wafalme wa eneo la Maziwa Makuu, na Joseph Gahama mwaka 1983 kuhusu Burundi chini ya utawala wa Wabelgiji. Kazi hizo ziliyapa masimulizi ya mdomo hadhi ya ushahidi wa historia pamoja na nyaraka za kikoloni.

Katika isimu, Kirundi kina msingi imara. Sarufi ya A. E. Meeussen ya mwaka 1959 ilieleza mfumo wake wa toni kwa usahihi unaotegemewa hadi sasa. Kamusi ya F. M. Rodegem ilitoka mwaka 1970. Na Jean-Baptiste Ntahokaja alitoa sarufi yake ya kimuundo mwaka 1994. Kizazi kilichofuata, akiwemo Ferdinand Mberamihigo aliyewasilisha tasnifu yake kuhusu udhihirishaji wa hali mwaka 2014, kimetumia kopasi ya kidijitali ya Kirundi, yaani hazina ya matini inayoweza kuchunguzwa kwa kompyuta. Kazi ya kiwango hicho ndiyo inayohitajika kwa Kiswahili cha Bujumbura. Idara za Kirundi na Kiswahili zinazoandaa walimu wa shule zimezalisha wahitimu wenye uwezo wa kuianza. Data yake haiko mbali: iko Bwiza, Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac.

4.0 Hoja pinzani

Hoja tatu hutolewa dhidi ya kukipa Kiswahili nafasi katika utafiti wa Burundi, na zote zinastahili kujibiwa kwa uzito.

Ya kwanza ni kwamba Warundi karibu wote wanasema Kirundi, hivyo Kiswahili ni cha ziada. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa ya nchi, na makala haya hayapingi kwamba Kirundi ndicho kinachopaswa kutangulia. Lakini Bwiza si mlima wa Gitega. Miongoni mwa wakazi wake wamo Wakongo na familia zilizorejea kutoka Tanzania baada ya miongo mingi ya ukimbizi. Kuanzia mwaka 2008 pekee, wakimbizi wa mwaka 1972 zaidi ya 50,000 walirejea nchini, na watoto wao wengi walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Kwa watoto hao, darasa la Kifaransa lilikuwa ugeni wa pili baada ya ule wa kurudi nyumbani.

Ya pili ni kwamba Kiswahili sanifu hakieleweki vizuri mtaani. Ni kweli, na ni onyo kwa watetezi wa Kiswahili wenyewe. Dodoso lililotafsiriwa Dar es Salaam na kupelekwa Bwiza bila kujaribiwa linaweza kuwa geni karibu sawa na la Kifaransa. Jibu lake si kuacha Kiswahili, bali kukitafiti kwanza.

Ya tatu ni kwamba msomi anayeandika kwa Kiswahili hupoteza wasomaji na kupandishwa cheo. Hoja hii haihusu lugha, bali kanuni za tathmini, na kanuni hutungwa na watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na majarida yake ya Kiswahili yamedumu kwa miongo mingi.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, kila mradi wa utafiti unaohoji wakazi wa mji wa Bujumbura utaje katika pendekezo lake lugha ya mahojiano, na fomu ya ridhaa iwe katika lugha hiyo. Mtu hawezi kuridhia asichokielewa. Kamati za maadili ya utafiti zina mamlaka ya kulidai jambo hili bila kusubiri sheria mpya.

Pili, maneno ya asili yahifadhiwe. Pale jibu linapobeba istilahi ya ugonjwa, ukoo, ardhi au kiumbe, neno lililotamkwa liandikwe kando ya tafsiri yake. Gharama yake ni safu moja zaidi katika jedwali.

Tatu, kila tasnifu iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kulingana na mahali ilipofanyiwa uwandani, na nakala ipelekwe kwenye ofisi ya mtaa. Maktaba ya chuo imehifadhi tasnifu za wanafunzi za miongo mingi; muhtasari huo ungeiwezesha hazina hiyo kusomwa na wale waliochangia kuijenga.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki zishirikiane na vyuo vya Burundi, Kigoma na Kivu Kusini kuandaa orodha ya pamoja ya istilahi za Ziwa Tanganyika: samaki, zana, pepo na magonjwa. Orodha hiyo isifute majina ya mahali. Iyaweke bega kwa bega, ili mukeke na mgebuka wajulikane kuwa ni samaki mmoja.

6.0 Hitimisho

Upeo wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Burundi ni mpana kuliko inavyodhaniwa na majirani wengi wa Kiswahili, ambao lugha ya Kifaransa imewazuia kuusoma. Kizuizi hichohicho humzuia mkazi wa Bwiza aliyeketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, akamjibu mwanafunzi maswali arobaini, kisha asisikie tena habari za majibu hayo. Upungufu wa kwanza ni wa kitaaluma na utarekebishwa na tafsiri. Wa pili ni wa haki. Kabla taasisi za kanda hazijaongeza miradi mipya ya kukusanya data katika miji ya mpakani, zinapaswa kukubaliana kwamba utafiti haujakamilika hadi matokeo yake yamerudi barazani yalikotoka, katika lugha iliyoyatoa.